Bodaboda au Afisa Usafirishaji?

Miaka ya karibuni, kwenye mikutano ya hadhara na taarifa za habari Tanzania, vijana wa pikipiki za abiria wamepewa jina jipya: maafisa usafirishaji. Mitaani wamebaki kuwa bodaboda, jina lililozaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi za baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, waendeshaji wakinadi safari kwa neno la Kiingereza la mpaka. Sasa jina hilo ni la chombo na la mtu pia. Tunasema bodaboda imeharibika, tunasema bodaboda wamegoma, na hakuna anayechanganyikiwa. Neno lililozoeleka kiasi hicho si tusi, na sioni sababu ya kulikimbia.

Wanaolitetea jina jipya wana hoja nzito. Wanasema bodaboda limechafuka, kwamba likitajwa watu hufikiria ajali na uporaji wa mikoba, na kwamba kijana akiitwa afisa atajiheshimu na kuheshimiwa. Kweli, jina huweza kumwinua mtu. Hausigeli ameanza kuitwa mfanyakazi wa nyumbani, na ni jambo jema. Lakini jina lile lilikwenda sambamba na haki: mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189, unaotaka wafanyakazi hao wapate mapumziko na wajulishwe masharti ya kazi yao.

Afisa usafirishaji amepewa nini? Afisa kilimo ana barua ya ajira, mshahara na likizo. Kijana wa kijiweni mara nyingi anaendesha chombo cha tajiri kwa kile wanachokiita mkataba: kila siku apeleke hesabu, yaani kiasi cha fedha walichopatana, mvua inyeshe isinyeshe, mafuta na oili juu yake, hadi muda waliokubaliana utimie na pikipiki iwe yake. Makubaliano mengi ni ya mdomo. Akilazwa wiki mbili hesabu zikalala, tajiri anaweza kuchukua chombo chake, na miezi yote aliyolipa ikawa imekwenda bure. Kumwita afisa mtu aliye katika hali hiyo kunatufanya tuamini kwamba ameshatendewa haki, na hapo ndipo jina zuri linapomdhuru.

Kiongozi anayetaka kuwaheshimu vijana hawa aanzie kwenye hesabu. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuweka fomu moja rahisi, yenye kiasi, muda, na kifungu cha ugonjwa na ajali, isainiwe na pande zote mbili mbele ya mwenyekiti. Hilo halihitaji bajeti. Nawe tajiri mwenye pikipiki barabarani, usisubiri fomu: kaa na kijana wako, muandikiane, na kila mmoja abaki na nakala yake.