Siku Tano Porini Moyowosi: Anza na Maji

Kikundi kinapopanga kutembea siku tano kwa miguu katika mapori yaliyo mashariki mwa Kibondo na Kasulu, anayeshika kalamu huandika kwanza kilomita. Aandike maji. Nyanda za juu za Kigoma zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi karibu na Mei, na katika miezi hiyo mbuga hujaa na mapito hugeuka tope. Hivyo watu hutembea kiangazi, Juni hadi Oktoba, na hapo ndipo vijito vya miombo hukauka. Kijito kilichochorwa vizuri kwenye ramani, Septemba utakikuta mchanga mtupu.

Maji ya uhakika yako kwenye mito mikubwa, Malagarasi na Moyowosi, na pembezoni mwa ardhioevu yake, iliyoingia katika orodha ya Ramsar mwaka 2000 ikiwa ya kwanza nchini, yenye takriban kilomita za mraba 32,500. Umbali kati ya chanzo kimoja cha maji na kingine ndio urefu wa siku yako, uwe kilomita 8 au 15. Waulize walina asali wa vijiji vya jirani wapi walichota maji mwezi huu, si mwaka jana.

Hesabu ya maji haina huruma. Mtu anayetembea juani na mzigo anahitaji kwa siku lita 4 za kunywa na lita 1 ya kupikia. Watu 8 ni lita 40, yaani kilo 40. Siku moja kavu inabebeka. Siku mbili ni kilo 80, kilo 10 kwa kila mgongo kabla hujaweka unga wala hema. Ratiba yenye siku mbili mfululizo bila maji ifutwe, hata kama njia nyingine ni ndefu zaidi.

Maji ndiyo yanayochagua hata chakula. Maharage ni chakula cha Buha, nchi ya Waha, hasa, lakini hukaa jikoni saa mbili yakinywa maji na kula kuni. Yaacheni nyumbani. Dagaa wa Kigoma waliokauka, karanga na unga wa muhogo vinatosha, na ugali unaiva kabla watu hawajamaliza kufunga mahema. Mahema yenyewe yakae mbali na ukingo wa mto na mbali na njia za viboko, ambao hutoka usiku kula majani na hawapendi kukuta mtu amewazibia njia ya kurudi majini.

Kuna jambo ambalo wageni hulidharau: mbung'o. Huuma mchana, hupenya shati jepesi, na dawa za kupaka hazimsumbui sana. Huvutwa na kitu kinachotembea na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Anayebeba begi la buluu amebeba mtego usio na sumu, na wanaomfuata nyuma watamlaumu. Vaeni kahawia au rangi ya udongo, nguo nzito, ila si mabaka ya kijeshi. Hayo raia haruhusiwi kuvaa. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, si hadithi ya kale huku. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha Waha wengi na kuwakusanya kwenye makazi mapya kwa sababu yake, na hiyo ni sehemu ya sababu mapori haya hayana watu. Homa ikikupata wiki kadhaa baada ya safari na kipimo cha malaria kikawa safi, mwambie daktari waziwazi kwamba uliumwa na mbung'o.

Upande wa vibali, Moyowosi ni pori la akiba chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Huingii bila ruhusa, na kwenye nyati na tembo hutembei bila askari mwenye bunduki. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Vijijini, mtendaji na mwenyekiti wajue mnapita, na kila mmoja awe na kitambulisho: hapa ni karibu na mpaka wa Burundi, eneo lililopokea wakimbizi wengi, na kundi la watu wenye mabegi lisilojulikana litahojiwa, kwa haki kabisa. Msafiri Mzungu Stanley alipopita Buha mwaka 1871 akielekea Ujiji alidaiwa hongo, yaani ushuru wa njia, ya vitambaa na kila mtawala, mpaka akabeba nafaka ya siku kadhaa na kutoroka usiku kwa njia za porini. Asiigwe.

Kuhusu saa, mtu wa Dar es Salaam akumbuke kwamba huku jua huchelewa kwa zaidi ya nusu saa. Agosti huchomoza karibu saa moja asubuhi. Amkeni gizani, pakieni kwa tochi, na mwendo uanze kunapopambazuka, ili saa sita mchana muwe mmefika au mmekaribia. Anayetembea polepole zaidi ndiye atangulie.

Mtandao wa simu utakatika mapema. Karatasi moja ibaki Kibondo kwa mtu makini: majina, vituo vya maji kwa kila usiku, na siku na saa ambayo msipoonekana atapiga simu TAWA. Mkibadili njia porini yeye hatajua, kwa hiyo msibadili. Na mtu akiugua siku ya kwanza au ya pili, kundi zima lirudi. Kuanzia siku ya tatu, pimeni umbali wa maji ya mbele na ya nyuma, kisha mwende penye maji karibu zaidi.