Glezi na Nta: Kung'arisha Motokaa Penye Upepo wa Bahari

Maneno yetu ya leo ni juu ya vitu viwili vipakwavyo juu ya rangi ya motokaa ili ipate kung'aa, navyo ni glezi na nta. Watu wengi huvidhania kuwa ni kitu kimoja chenye majina mawili, kwa kuwa vyote huuzwa katika makopo na chupa zifananazo, hupakwa kwa kitambaa, kisha hufutwa hata gari likawa kama kioo. Lakini kazi zao ni mbalimbali kabisa. Glezi huficha, nta hulinda. Mtu asiyeijua tofauti hiyo aweza kutoa fedha zake kila mwezi, akaona gari lake lang'aa siku ya Jumamosi, na huku rangi yaliwa na jua na chumvi kana kwamba haikupakwa kitu.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni Mbezi Beach, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni. Barabara ya Bagamoyo yapita huko karibu na bahari, na tangu Tangi Bovu hata Africana utawaona vijana waoshao magari kando ya njia. Kazi yao si nyepesi, kwa maana adui za rangi wamekusanyika hapo wote. Upepo wa kusi ukivuma, na wa kaskazi vilevile, huleta unyevu wenye chumvi. Jua la pwani ni kali. Mchanga wa njia za mitaani hurushwa na magurudumu. Visima vingi vilivyo karibu na ufuko vina maji ya chumvichumvi, na tone la maji hayo likiachwa likauke lenyewe huacha alama nyeupe ya mviringo. Tena wako kunguru, wale walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote. Kinyesi chao kina asidi, na kikikauka juani juu ya bati la gari huacha alama isiyofutika kwa maji.

Yafaa kwanza tujue tunapaka juu ya kitu gani. Rangi ya motokaa nyingi za siku hizi si tabaka moja. Juu ya bati kuna dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kwanza ya kushikiza, kisha rangi yenyewe ionekanayo, na juu yake kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo ing'aayo, na ndiyo ipokeayo jua, mchanga na sabuni. Nayo ni nyembamba mno. Gawanya milimita moja mara elfu, na kila sehemu ni maikroni moja. Tabaka zote za rangi pamoja kwa kawaida ni maikroni 100 hata 150, na klia peke yake ni kama 40 au 50. Mwanafunzi na ashike karatasi moja ya daftari lake kati ya vidole: klia ni kama nusu ya unene wa karatasi hiyo. Ikiisha, hairudi, ila kwa kupaka gari rangi upya, na gharama ya kazi hiyo yajulikana.

Sasa, gari lioshwapo kwa dodoki kavu, au kwa kitambaa kilichoanguka mchangani kikaokotwa, klia hupata mikwaruzo midogo sana. Mchana wa mawingu huioni. Lakini jua likilipiga bati, au ukimulika kwa taa usiku, utaona duara nyingi kama utando wa buibui. Mikwaruzo hiyo hutawanya nuru huku na huku, na ndiyo sababu gari jeusi huonekana la kijivu hata likiwa safi.

Hapo ndipo glezi iingiapo. Glezi ni mafuta laini yaliyochanganywa na vitu vya kujaza, na baadhi yake hutiwa udongo mweupe laini sana, wa namna ile ipatikanayo katika vilima vya Pugu, si mbali na Dar es Salaam. Ukiipaka, huingia katika mikwaruzo na kuijaza, kama mwashi ajazavyo ufa wa ukuta kabla ya kupaka chokaa. Uso wa rangi husawazika, nuru hurudi sawasawa, na rangi nyeusi, nyekundu au ya buluu huonekana imekolea kama imeloa maji. Jambo hili lilianza katika karakana za wapaka rangi. Rangi mpya hutaka kupumua na kukauka hata ndani, wala haifai kufungiwa kwa nta upesi; basi mafundi walitaka kitu cha kuing'arisha gari likabidhiwe kwa mwenyewe bila kuiziba rangi. Hata leo, gari lililopakwa rangi upya lapasa kungoja siku 30 au zaidi kabla ya kupakwa nta, kwa kufuata maagizo ya mtengeneza rangi.

Lakini glezi haina nguvu ya kukaa. Haizuii jua, haizuii chumvi, na kuoshwa mara chache kwa sabuni huiondoa, mikwaruzo yote ikatokea tena pale pale ilipokuwa. Hapa pana neno la kumwonya mwenye kununua gari lililokwisha kutumika. Magari mengi ya namna hiyo hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani, nayo husimama katika viwanja vya kuuzia yaking'aa sana. Kung'aa huko kwaweza kuwa kwa klia nzuri, na kwaweza kuwa kwa glezi ya jana. Njia ya kujua ni nyepesi. Mwombe muuzaji ruhusa, chukua spiriti ya kusafishia vidonda kipimo kimoja, changanya na maji vipimo vitatu, ulowanishe kitambaa safi, ufute mahali padogo kama kiganja, kisha umulike kwa taa ya simu. Pakibaki kama pembeni pake, ni vema. Pakitokea utando wa buibui, basi umeona kilichofichwa, nawe utapatana bei ukijua. Petroli isitumike kabisa kwa kazi hii. Na muuzaji akikataa hata kufutwa mahali pa kiganja, kukataa huko nako ni habari.

Nta ni jambo jingine. Kazi yake ni kulala juu ya klia na kupokea mapigo kwa niaba yake. Watu wa bara wataniuliza: je, nta ya nyuki haifai? Nchi yetu ina nyuki wengi, na nta ya Tabora imeuzwa ng'ambo tangu zamani. Jibu ni kwamba yafaa ikichanganywa, ila peke yake ni laini. Nta ya nyuki huyeyuka kwa joto la digrii 62 hadi 64 za sentigredi, na bati jeusi lililosimama juani mchana kutwa laweza kufikia digrii 70. Basi nta hiyo italegea, na vumbi litanata juu yake. Nta isifiwayo zaidi ni ya karnauba, itokayo kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti wake ni wa jamii moja na mnazi na mvumo. Majani yake hujifunika unga wa nta ili yasikauke kwa jua la huko. Watu huyakata, huyaanika, kisha huyapiga mpaka unga udondoke. Nta hiyo haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 80. Ikiwa safi ni ngumu kama jiwe na haipakiki, kwa hiyo kopo lolote lisemalo kwamba ndani yake mna karnauba tupu bila kitu kingine, lasema zaidi ya kweli. Hapana budi imechanganywa na mafuta na nta nyingine.

Iko pia nta ya viwandani iitwayo silanti. Haitoki mtini wala kwa nyuki, bali hutengenezwa kwa madawa ili ishikamane na klia yenyewe. Mng'ao wake ni mkavu kidogo, kama wa kioo cha dirisha, hauna ule ukolevu wa karnauba. Lakini hukaa miezi minne au zaidi, na karnauba mara nyingi haimalizi miezi miwili penye jua na sabuni kali.

Mtu achague ipi? Kwa gari jeupe au la rangi ya fedha lilalalo nje karibu na bahari, mimi ningechagua silanti bila glezi, kwa kuwa mikwaruzo haionekani sana juu ya rangi hizo, na ulinzi ndio utakiwao. Kwa gari jeusi au jekundu, ambalo mwenyewe alipenda kwa ajili ya uzuri wake, glezi na karnauba zafaa, mradi awe tayari kurudia kazi mara kwa mara.

Matata huja mtu atakapo vyote vitatu. Hapo utaratibu wa tabaka ndio wenye kufanya kazi ifae au iharibike. Wazee wa pwani walilijua jambo hili katika vyombo vyao. Fundi wa jahazi alipaka sifa, yaani mafuta ya papa, katika mbao za juu, na deheni ya chokaa na shahamu chini ya maji. Hakuvibadilisha mahali, maana kila kimoja kina mahali pake pa kushika. Vivyo hivyo silanti hutaka kushika klia iliyo safi, isiyo na mafuta. Ukipaka glezi kwanza kisha silanti juu yake, silanti itashika mafuta ya glezi badala ya klia, na glezi itakapotoka, itatoka nayo. Basi silanti iwe ya kwanza. Gari lilale chini ya paa usiku mmoja ili silanti ikauke na kushika. Kesho yake mtu aweza kupaka glezi kidogo, akitaka, kisha nta ya karnauba ya kufunika, kwa maana karnauba haichagui. Yakaa juu ya silanti na juu ya glezi pia. Na asiye na silanti atapaka glezi kisha nta, wala asiache glezi ikalala uchi hata siku moja.

Nta mara mbili yatosha. Mara ya kwanza hapakosi mahali palipopitwa na mkono, na mara ya pili hupafunika. Baada ya hapo nta mpya huyeyusha ile ya chini kwa mafuta yake, unene hauongezeki, na kinachopungua ni fedha.

Kazi ifanyike asubuhi au chini ya mti usiodondosha utomvu, bati likiwa baridi kwa mgongo wa mkono. Gari lioshwe kwa maji matamu kama yapatikana, kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi juu ya rangi. Likaushwe mara moja. Sabuni ya unga ya kufulia nguo iachwe kwa nguo, kwa kuwa huondoa nta. Nta ipakwe nyembamba hata ionekane kama ukungu; ingoje mpaka ukipitisha kidole iache njia safi, ndipo ifutwe kwa kitambaa kingine, laini na kikavu. Mipira na plastiki nyeusi za gari zisiguswe, kwani nta ikikauka humo huacha weupe mbaya.

Kujua kama nta imekwisha, mwagia maji juu ya boneti. Yakisimama kama shanga na kuteremka upesi, nta ingalipo. Yakitandaa na kulala kama juu ya ubao, imekwenda zake. Kwa wakaao Mbezi Beach jaribio hilo lifanywe hasa mwezi Machi, kabla ya masika, na tena mwezi Juni mvua zikisha. Kopo la nta lifunikwe vema na kuwekwa nyumbani kivulini, lisiachwe ndani ya gari, kwa maana joto la humo hulifanya gumu na lenye mapande, na mapande hayo hukwaruza.