Mtu Mmoja, Nafasi Mbili

Anayeingia katika magofu ya Guk, ndani ya mchezo wa mtandaoni wa EverQuest, haanzi kupigana hovyo. Hupiga hodi kwanza: hutangaza eneo zima akiuliza kambi zipi zina wenyewe. Waliomo hujibu, kila mmoja akitaja chumba anachokishikilia, na mgeni huambiwa ajiunge, asubiri au apite. Lile zimwi liitwalo Frenzied Ghoul, ambalo huangusha mkanda mweusi wa hariri unaoharakisha mapigo ya anayeuvaa, lilikuwa na orodha ya zamu iliyoweza kula saa nyingi. Kampuni inayoendesha mchezo haikuwa na mkono katika orodha hiyo. Wachezaji wenyewe ndio walioitunza, anayeondoka akimkabidhi anayebaki.

Katika jamii yenye adabu kali namna hii, mtu anayechezesha wahusika wawili kwa wakati mmoja ni mgeni wa aina yake. Amekuja peke yake, lakini anadai nafasi mbili.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 16 Machi 1999. Waundaji wake, akina Brad McQuaid na Steve Clover, waliipanga dunia ya Norrath kwa makusudi ili watu wahitajiane. Shujaa huvumilia kipigo lakini hawezi kujitibu. Kasisi hutibu, ila akiachwa na zimwi ana kwa ana hana la maana la kulifanya. Mpumbazaji huyalaza mazimwi matatu ili la nne lishughulikiwe, kisha naye hufa kwa pigo moja au mawili. Kundi lina nafasi sita, na enzi hizo lisipopata mtibu halikutoka mlangoni. Mpango huo ulijenga urafiki mwingi, lakini ulimwonea mtu mwenye saa moja tu ya kucheza. Shujaa asiye na wenzake usiku ule angekaa kwenye lango la pango akijinadi mpaka usingizi umshike. Baadhi ya watu wa namna hiyo waliona heri wawe na kasisi wao wenyewe.

Haikuwa rahisi wala nafuu. Miaka ya mwanzo mchezo uliishika skrini yote na haukukubali uhamie dirisha jingine, kwa hiyo wahusika wawili walimaanisha kompyuta mbili, akaunti mbili, na malipo mawili kila mwezi. Mezani palijaa: skrini mbili, kibodi mbili, na mtu mmoja katikati. Kilichomwokoa ni kwamba shujaa akishawashwa ashambulie, huendelea kupiga bila kubonyezwa. Kasisi naye, katika ngazi za chini, alikaa chini na kukodolea macho kitabu chake cha maombi ili mana, yaani nguvu ya maombi hayo, irudi, kitabu chenyewe kikiwa kimefunika skrini karibu yote. Kwa hiyo mhusika mmoja alijipigania, mwingine alijisomea, na mchezeshaji akabaki na kazi ya kuhesabu muda. Lile ombi kubwa la kuponya, ambalo kasisi hulipata ngazi ya 39, huchukua sekunde kumi kukamilika. Ukilianza shujaa akiwa amebakiwa na uhai kidogo, utamzika. Ukiliwahi mno, umeimwaga mana bure.

Safari ndiyo iliyowaaibisha wachezaji hawa. Kuna amri ya kumfanya mhusika mmoja amfuate mwenzake, na amri hiyo haina akili hata chembe. Shujaa akikata kona kwa haraka, kasisi hugota ukutani au hutumbukia mtoni. Akivuka mpaka wa eneo, kasisi hubaki ng'ambo ya pili, amesimama kama mzigo uliosahauliwa stendi, na kila zimwi lipitalo humwonja. Ndiyo maana wazoefu hufuata kanuni moja: kasisi afe wa mwisho. Maiti katika Norrath ya enzi hizo ilibaki pale ilipoangukia ikiwa na mali yote, na mwenyewe aliirudia akiwa mtupu. Kasisi akinusurika, humfufua shujaa na kumrudishia sehemu kubwa ya ujuzi alioupoteza.

Adabu za kuishi na watu wa namna hii zilijengeka taratibu. Anayeomba kujiunga na kundi husema mapema kwamba yule wa pili ni wake, ili watu wasimsalimie kasisi na kumwona ana kiburi asipoitika. Ngawira nayo ina staha zake: ukiombea shujaa na kasisi kitu kile kile, umejipa bahati mbili, na wenzako watakumbuka. Wapo pia waliopata mhusika wa pili kwa kuachiwa, mume au rafiki alipochoka na mchezo. Kanuni za kampuni hazikuruhusu kupeana akaunti, lakini nani angemtupa kasisi aliyelelewa miaka mitatu?

Mimi siwahesabu wachezaji hawa kuwa wachoyo. Mwenye wahusika wawili bado ana nafasi nne za kujaza, na bado anahitaji mtu wa kulaza mazimwi. Mara nyingi yeye ndiye anayeanzisha kundi, maana amekuja na ngao na dawa tayari, vitu ambavyo wengine wanavihangaikia. Ugomvi wa kweli ulikuja na wenye wahusika sita. Mwenye sita hamhitaji mtu. Hufika kambini, huishika, na anayepiga hodi hujibiwa na mtu mmoja mwenye majina sita.

Wenye sita waliwezeshwa zaidi na programu zinazotuma bonyezo moja kwa wahusika wote. Katika mchezo mwingine, World of Warcraft, mchezaji mmoja aliweza kuingia vitani na waganga watano wakarusha radi zao kwa pamoja, na aliyelengwa akafa kabla hajageuka. Mchezo wa EVE Online ulipiga marufuku programu hizo kuanzia tarehe 1 Januari 2015. World of Warcraft ikafuata Novemba 2020. Hakuna kati ya michezo hiyo miwili uliokataza akaunti mbili. Kilichokatazwa ni kidole kimoja kufanya kazi ya wengi.

EverQuest yenyewe ilichukua njia yake. Seva ya Phinigel, iliyofunguliwa Desemba 2015, ilikuja na sharti kwamba kila kompyuta iendeshe mhusika mmoja tu. Mwenye kutaka wawili akalazimika kurudi kwenye meza ile ya zamani, na wapo waliorudi hivyo hivyo, na laptopu kuukuu pembeni.