Taa za Dashibodi Zilizoungua Katika Pikapu ya Zamani

Mkulima anayesafirisha mboga usiku kutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam kwa pikapu ya zamani huweza kuendesha miezi kadhaa bila kuiona spidomita yake. Taa ya ndani ya mita imeungua, lakini gari linatembea na mzigo unafika. Kwa hiyo matengenezo huahirishwa hadi siku gari litakapopelekwa gereji kwa ubovu mwingine. Katika makala haya tunaeleza kwa nini taa hiyo isiahirishwe, namna inavyobadilishwa, na mambo ambayo mteja anapaswa kuyasimamia anapomkabidhi fundi gari lake.

Nyuma ya kioo cha dashibodi zimo taa za aina mbili. Zipo za kuangaza, ambazo huwaka pamoja na taa ndogo za nje ili dereva asome mita gizani. Na zipo za kuonya, kama vile ya oili, ya betri na ya breki. Taa ya kuangaza ikiungua, dereva huitambua hasara yake usiku uleule. Ya kuonya ikiungua, haonekani mabadiliko yoyote, kwa kuwa kawaida yake ni kuwa imezimika. Taa ya oili isiyowaka barabarani huweza kumaanisha kwamba msukumo wa oili uko sawasawa, au kwamba balbu imekufa. Injini iliyopoteza msukumo wa oili huweza kuharibika katika dakika chache, na tofauti ya bei kati ya balbu na injini haihitaji kupigiwa hesabu.

Kipo kipimo kisichogharimu chochote. Fungua swichi kwa ufunguo bila kuwasha injini, kisha tazama dashibodi. Taa ya oili na ya betri zinapaswa kuwaka, na kuzimika injini ikishawaka. Ya breki iwake ukivuta breki ya mkono. Gari lenye mfuko wa hewa wa usalama litaonyesha pia taa yake kwa sekunde chache. Taa ambayo haikuonekana kabisa katika kipimo hiki imeungua, au waya wake umekatika, au mtu ameiondoa.

Taa ya betri ina jambo lake la pekee. Katika pikapu nyingi za zamani, umeme mdogo unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. Balbu ikiungua, alteneta huweza kuchelewa kuchaji au isichaji kabisa. Mwenye gari hununua betri mpya, kisha alteneta ya mtumba, ilhali kilichokufa ni kibalbu kisichozidi ukubwa wa punje ya haragwe. Kabla ya kukubali gharama hizo, mwombe fundi umeme aipime taa hiyo kwanza.

Kama taa zote za kuangaza zimezimika kwa mara moja, usikimbilie kufungua dashibodi, kwani ni nadra balbu zote kuungua siku moja. Zungukia nyuma ya gari. Katika magari mengi ya Toyota, ikiwemo Hilux, taa za dashibodi hutegemea fyuzi moja na taa ndogo za nyuma, nayo huandikwa TAIL kwenye kisanduku cha fyuzi. Zikiwa zimezimika zote, tatizo huenda likawa fyuzi. Iweke nyingine yenye amperi zilezile, wala usiizungushie waya au karatasi ya sigara, maana mtindo huo umezoeleka na ndio unaounguza nyaya. Tazama vilevile kigurudumu cha kupunguza mwanga. Mtoto aliyeketi mbele huweza kukizungusha hadi mwisho, na fundi akalipwa kwa kukirudisha.

Ikithibitika kuwa ni balbu, kazi yenyewe si kubwa kwa mtu mwenye subira. Waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza. Kisha huondolewa fremu ya plastiki inayozunguka mita, halafu skrubu zinazoshika kasha la mita. Kasha lisivutwe kwa nguvu, kwa sababu katika pikapu za zamani spidomita huendeshwa kwa kebo iliyounganishwa nyuma yake, na kebo hiyo lazima iachiwe kwanza. Balbu hukaa katika vishikizo vya plastiki ambavyo hutoka kwa kuzungushwa robo mzunguko. Chini yake kuna utando mwembamba wenye njia za umeme. Bisibisi ikiukwaruza, taa nyingine nazo huzimika. Kwa kuwa balbu za kuangaza zimetumika kwa muda mmoja, ni busara kuzibadilisha zote kwa pamoja kuliko kulipia ufunguaji mara mbili.

Dukani, nenda na balbu ya zamani mkononi. Zinazopatikana sana ni T5 na T10, na namba hiyo ni kipenyo cha kioo kwa milimita. Umbo pekee halitoshi. Balbu ya T10 ya wati 5, inayotumika katika taa ndogo za nje, huingia vizuri mahali pa balbu ya wati 3 ya dashibodi. Lakini joto lake huweza kuyeyusha kishikizo na kubabua uso wa mita. Volti na wati ziwe zilezile. Iwapo balbu ya zamani ina kofia ya mpira ya rangi, ihamishie kwenye mpya. Taa za LED hutoa joto dogo, nazo hufaa kwa kuangaza. Ikigoma kuwaka, igeuze upande, kwa kuwa ina chanya na hasi. Mahali pa taa ya betri, hata hivyo, weka balbu ya kawaida, kwani LED huenda isipitishe umeme wa kutosha kuiamsha alteneta.

Wapo mafundi watakaopendekeza kubadilisha kasha zima la mita kwa lililotoka gari jingine. Usikubali kwa ajili ya balbu. Kasha hilo huja na kilomita za gari lilikotoka, na siku ya kuuza hutaweza kueleza gari lako limetembea kiasi gani. Piga picha ya mita kabla ya kuacha gari gereji, patana bei ya balbu na ya ufundi kila moja peke yake, dai stakabadhi, na uombe balbu za zamani. Usiondoke kabla ya kurudia kipimo cha ufunguo mbele ya fundi.

Kipimo hichohicho kifanye unaponunua pikapu iliyotumika. Muuzaji aliyeondoa balbu ya oili ili kuficha ubovu wa injini anampotosha mnunuzi, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu hali ya bidhaa. Mwenye lalamiko la namna hiyo afike ofisini kwetu na mkataba wa mauzo, stakabadhi, picha za dashibodi na maelezo ya maandishi ya fundi aliyelifungua kasha.