Kisu cha Kukunja

Kisu cha kukunja hakihitaji ala, kwa maana mpini wake ndio ala yake. Kengee huzunguka penye msumari mmoja, nayo ikikunjwa, makali hulala ndani ya mpini.

Katika milima ya Savoie, nchi ya Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza visu vya namna hii, vyenye mpini wa mti. Mwaka 1955 vilitiwa pete ya chuma; ukiizungusha, kengee haiwezi kujikunja. Visu vingine vina kamani tu, nayo huikaza kengee kidogo. Ukikisukuma vibaya, hukunjika na kukata vidole. Kwa hiyo usichokoe kitu kwa ncha yake.

Tena, chuma cha pua si cha namna moja. Kiko kinachonoleka upesi, lakini hushika kutu upesi vilevile. Kingine kimechanganywa na kromi, nacho hakishiki kutu kwa urahisi.

Ukiisha kukata matunda, osha kengee, uikaushe, kisha uipake mafuta kidogo. Tia na tone moja penye msumari. Mpini wa mti usiuloweke, maana mti huvimba, na kengee hukwama.

Noa juu ya kinoo kilicholowa maji, pande zote mbili sawasawa. Kisu butu kina hatari kuliko kikali, kwa sababu mtu hukikandamiza kwa nguvu, nacho huteleza. Na ukimpa mwenzio kisu, kikunje kwanza.