Sigara ya Krismasi na Kisanduku cha "Hapana"



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mwalimu mmoja wa parokia yangu alinisubiri nje ya sakristia, bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa anachukua mkopo wa kumalizia nyumba, na benki ilimtaka akate bima ya maisha, ili akifariki kabla ya kumaliza kulipa, deni lisimwangukie mkewe na watoto. Fomu ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja uliouliza kama ametumia tumbaku ya aina yoyote katika miezi 12 iliyopita.

"Baba Paroko," akasema, "mimi si mvutaji. Ila shemeji yangu anafanya kazi Dubai, na kila Krismasi huja na zile sigara nene za kahawia, zinazosokotwa kwa majani ya tumbaku. Tunavuta moja, na labda nyingine Pasaka. Wakala wa bima ameniambia hiyo si kuvuta, niweke alama kwenye 'Hapana' tuendelee. Wewe unasemaje?"

Zamani ningecheka na kumwambia aende zake kwa amani. Siku hiyo sikucheka, na nitawaeleza kwa nini.

Nilipokuwa paroko msaidizi mahali pengine, baba mmoja aliniuliza swali kama hilo. Hatukuwa kwenye kitubio, tulikuwa tunakunywa chai. Yeye alivuta sigara za kawaida, tena mwisho wa wiki tu. Nikamjibu kwa utani kwamba Mungu hahesabu sigara za Jumamosi. Akaandika "Hapana". Haikupita miaka miwili akafariki kwa kiharusi. Mjane wake alipodai fidia, kampuni iliomba faili la hospitali, na humo daktari alikuwa ameandika, kwa maelezo ya marehemu mwenyewe, kwamba huvuta sigara wikiendi. Dai likakataliwa. Akarudishiwa ada zilizokuwa zimelipwa, basi. Nilikaa sebuleni kwa mama yule nikisoma barua ile, watoto watatu wamesimama mlangoni na sare za shule, nikaukumbuka utani wangu neno kwa neno.

Wakati ule niliilaumu kampuni. Daktari hakusema kwamba tumbaku ndiyo iliyomuua, basi kwa nini wamnyime mjane? Baadaye nilijifunza kwamba kampuni ilijiuliza swali jingine: je, tungejua anavuta, tungempa mkataba ule kwa bei ile?

Bima ni kapu la pamoja. Wengi wanaweka kidogo kidogo, na atakayepatwa ndiye anayetolewa humo. Anayebeba hatari kubwa huweka zaidi. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyoeleza wazi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu, na kampuni za bima huko zikaanza kuwapa wasiovuta nafuu ya bei. Leo Marekani na Uingereza si ajabu mvutaji kulipa mara mbili ya asiyevuta, au zaidi. Na kwa kampuni nyingi mvutaji ni yeyote aliyetumia tumbaku ndani ya miezi 12. Mwili nao hautunzi siri. Ini hugeuza nikotini kuwa kitu kiitwacho kotinini, ambacho hubaki siku kadhaa katika damu, mate na mkojo. 

Lililonishangaza zaidi ni hili. Ziko kampuni, hasa huko Marekani, ambazo humpokea mtu anayevuta sigara nene chache kwa mwaka kwa bei ya asiyevuta, ila kwa masharti mawili: aseme mwenyewe kwenye fomu, na kipimo cha mkojo kisionyeshe nikotini. Mtu huyohuyo akiandika "Hapana" kisha ikagundulika, atawekwa kundi la wavutaji au maombi yake yatakataliwa. Nafuu ambayo angepewa kwa kusema kweli ameipoteza kwa kuificha.

Seminarini tulihangaika sana na Kilatini, na neno fides tulifundishwa kuwa ni imani. Sikutegemea kulikuta tena katika sheria ya bima. Wanasheria husema mkataba wa bima unasimama juu ya uberrima fides, yaani uaminifu uliojaa kabisa. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter na Boehm huko Uingereza, jaji Lord Mansfield alieleza kwamba mwombaji wa bima ndiye anayejua mambo yake, na anayetoa bima hutegemea neno lake. Alisema pia kwamba uaminifu huo unazibana pande zote mbili. Sheria za nchi zetu za Afrika Mashariki zimerithi msingi huo.

Mpendwa msomaji, sijaandika haya kukuambia kwamba sigara moja ya sikukuu itakupeleka motoni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaitaja tumbaku pamoja na chakula na pombe inapofundisha fadhila ya kiasi. Baba Mtakatifu Fransisko alisimamisha uuzaji wa sigara Vatikani kuanzia 2018, kwa sababu Kanisa haliwezi kupata faida kwa kitu kinachoharibu afya za watu. Lakini swali la fomu ni la amri ya nane, na nyuma yake imejificha ya saba, maana ukilipa bei isiyo yako, wenzako wenye kapu wanakulipia.

Soma tena habari ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume, sura ya 5. Shamba lilikuwa lao, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mikononi mwao. Petro mwenyewe alimkumbusha Anania hivyo. Wangeweza kutoa nusu na kusema ni nusu. Kosa lao ni kutoa sehemu na kusema ndiyo yote. Mwalimu wetu yuko huru kuvuta na shemeji yake. Hayuko huru kusema hakuvuta.

Na ninyi mawakala wa bima mnaosali nasi kila Jumapili, msiwafundishe watu "Hapana" ya haraka. Saini ni ya mteja, na dai likikataliwa si ninyi mtakaokaa sebuleni na mjane.

Yule mwalimu aliandika "Ndiyo, mbili kwa mwaka." Kampuni ikampima, kisha ikampandishia ada kidogo. Alinung'unika, nami sikumlaumu, kwa kuwa mshahara wa mwalimu tunaujua. Ameambiwa akimaliza miezi 12 bila tumbaku anaweza kuomba bei yake iangaliwe upya. Krismasi hii shemeji huenda akavuta peke yake.

Kwa mama yule mjane nilirudi kuomba msamaha. Alinimiminia chai, akaniambia marehemu alikuwa mtu mzima na kalamu ilikuwa yake. Nimeshukuru, lakini sijajitoa hatiani.

Kama una mkataba wa bima, utoe kabatini leo na usome ulivyojibu. Ukikuta jibu lisilo la kweli, iandikie kampuni barua ya kulirekebisha, ubaki na nakala. Pengine ada itapanda. Lakini barua hiyo unaweza kuiandika wewe, ungali hai. Mke na watoto hawataweza kukuandikia.