Kusoma Mafaili Ndani ya Vifurushi Bila Kuvifumua: Mfano wa Picha za Setilaiti za Mikoko ya Delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti

1.0 Utangulizi

Delta ya Mto Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, ina takriban hekta 53,000 za misitu ya mikoko. Misitu hiyo ilianza kuwekwa chini ya hifadhi mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa utawala wa Wajerumani, na mwaka 2004 ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa uliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar. Hata hivyo, delta si msitu mtupu. Ndani yake wamo watu wanaoishi, wanaovua na wanaolima mpunga. Kwa sababu hiyo, swali la wapi mikoko imekatwa, lini, na wapi imeota tena, si la kitaaluma peke yake. Jibu lake linaweza kutumika katika kuamua nani aendelee kulima na nani azuiwe.

Sehemu ya jibu hilo hutokana na picha za setilaiti, nazo humfikia mtafiti zikiwa zimefungwa katika vifurushi vya mafaili yaliyobanwa. Makala hii inafafanua jinsi faili moja linavyoweza kusomwa ndani ya kifurushi bila kukifumua chote. Hoja inayojengwa ni kwamba utaratibu huu hauokoi nafasi ya diski tu, bali huathiri ushahidi upi unaingia katika utafiti na upi unaachwa nje.

2.0 Yaliyomo katika Kifurushi

Mfano mzuri ni picha za Sentinel-2, mpango wa Ulaya ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 2015. Picha hugawiwa kwa vigae vya mraba vyenye upana wa takriban kilometa 110, na kila kigae kinaweza kupakuliwa kikiwa kifurushi cha ZIP. Ndani yake kuna makumi ya mafaili: bendi za mwanga katika ukubwa mbalimbali, tabaka linaloainisha mawingu, maji na uoto, pamoja na mafaili ya maelezo.

Bendi moja ya mita 10 ina pikseli 10,980 kwa 10,980, yaani zaidi ya milioni 120. Ikifumuliwa kikamilifu kwa baiti mbili kwa kila pikseli, hufikia takriban megabaiti 241. Kwa upande mwingine, hekta 53,000 za mikoko ni pikseli milioni 5.3 tu. Hata kama misitu yote ingeangukia katika kigae kimoja, isingezidi asilimia 4.4 ya kigae hicho. Mtafiti anayefumua kila kifurushi anajaza diski yake kwa bahari, mashamba na mapori ambayo hayahusiani na swali lake.

3.0 Namna Usomaji Unavyofanyika

Uwezekano wa kusoma bila kufumua hutegemea umbo la kifurushi. Umbo la ZIP, lililobuniwa na Phil Katz mwaka 1989, huweka orodha ya yaliyomo mwishoni mwa kifurushi. Orodha hiyo hutaja jina la kila faili, ukubwa wake na mahali linapoanzia. Programu husoma mwisho kwanza, hupata anwani ya faili linalotakiwa, kisha huruka moja kwa moja hadi hapo. Maktaba ya GDAL, inayotumiwa pia na QGIS, hufanya hivyo kwa kutanguliza /vsizip/ katika njia ya faili. Seva ikiruhusu kusoma sehemu ya faili, /vsizip/ huweza kuunganishwa na /vsicurl/ ili bendi moja isomwe kwa mbali bila kupakua kifurushi kizima. Kwa mtafiti anayetumia intaneti ya simu, tofauti hiyo huonekana mara moja katika gharama.

Umbo la tar ni tofauti. Lilitokana na uhifadhi wa kanda za sumaku, na halina orodha kuu. Kila faili hutanguliwa na maelezo yake mafupi. Kwa kuwa maelezo hayo hutaja ukubwa wa faili, programu inaweza kuruka kutoka faili moja hadi jingine. Lakini tar ikibanwa yote kwa gzip, mlango huo hufungwa: ili kulifikia faili la katikati, yote yaliyotangulia hayana budi kufumuliwa. Picha za Landsat za Mkusanyo wa 1 zilitolewa kwa umbo hilo la tar.gz, ilhali za Mkusanyo wa 2 hutolewa kwa tar isiyobanwa, yenye picha zilizobanwa moja moja. Mabadiliko hayo yamerahisisha usomaji wa ndani.

4.0 Athari katika Uteuzi wa Picha

Umuhimu wa suala hili huonekana zaidi katika mawingu. Maelezo ya kila picha ya Sentinel-2 hutaja asilimia ya mawingu kwa kigae kizima. Watafiti wengi huweka kikomo na kuziacha picha zote zinazokizidi. Katika pwani, mawingu yanaweza kufunika bara huku delta ikiwa wazi, au kinyume chake. Asilimia ya kigae, kwa hiyo, haielezi hali ya asilimia 4.4 inayotafutwa. Kwa kusoma tabaka la uainishaji pekee, tena dirisha la delta pekee, mtafiti anaweza kuikagua kila picha ya mwaka kabla ya kuamua.

Uamuzi huo una uzito. Shamba la mpunga lililostawi wakati wa masika linaweza kuonekana la kijani kama mikoko katika kielezo cha uoto, lakini baada ya mavuno tofauti hujitokeza. Vilevile, maji yanapojaa, michipukizi ya mchu au mkandaa kwenye tope inaweza kufunikwa na kuhesabiwa kuwa maji. Ramani iliyotokana na picha mbili au tatu tu inaweza kuonesha msitu umepotea pale ulipo, au upo pale palipolimwa. Mkulima wa Mbwera au Nyamisati ndiye atakayebeba matokeo ya kosa hilo.

5.0 Uhalisi wa Ushahidi na Mipaka ya Utaratibu

Faida nyingine ni kwamba kifurushi hubaki kama kilivyotolewa. Alama ya uhakiki ya SHA-256 ikirekodiwa siku ya kupakua, mtahini anaweza kuthibitisha baadaye kwamba data ni ile ile. Kifurushi kilichofumuliwa na kufungwa upya kwa kawaida hutoa alama nyingine hata kama picha hazikuguswa, kwa kuwa tarehe na mpangilio wa mafaili hubadilika.

Utaratibu huu una mipaka. Kwanza, faili lililobanwa ndani ya ZIP kwa kawaida hufumuliwa kuanzia mwanzo wake hata linapohitajika dirisha dogo, kwa hiyo usomaji wa kurudiarudia huchosha kichakato. Pili, programu zinazotaka kuandika mafaili ya takwimu kando ya picha haziwezi kufanya hivyo ndani ya kifurushi. Tatu, upakuaji ukikatika, ZIP hupoteza orodha yake iliyo mwishoni na haifunguki kwa njia ya kawaida, ilhali tar iliyokatika bado husomeka hadi pale ilipoishia.

6.0 Hitimisho

Kwa tasnifu zinazohusu delta, inafaa sura ya mbinu itaje umbo la vifurushi vilivyotumika, alama zake za uhakiki, na picha zilizokaguliwa pamoja na zilizokataliwa na sababu zake. Bendi chache zinazohitajika kwa uchambuzi wa kurudiarudia zinaweza kutolewa nje kwa dirisha la delta pekee, huku vifurushi asili vikihifadhiwa bila kuguswa. Kwa njia hiyo, anayepinga mpaka uliochorwa katika ramani atakuwa na mahali pa kuanzia uhakiki wake.